MGONJWA MKALI SI ADUI, MUUGUZI SI MTUMWA

Katika kazi yetu ya kuzunguka matawini, kuandikisha wanachama na kusikiliza mashauri ya watu, neno la hospitali halikosekani. Akina mama husimama mkutanoni wakasema kwamba manesi ni wakali. Mkutano ukiisha, manesi nao, maana wengi wao ni wanachama wenzetu, hutuvuta pembeni wakasema kwamba wagonjwa hawana adabu: hutukana, hupiga meza, hukataa sindano, hung'oa dripu, na wapo wanaoinua mkono. Tukiwasikiliza hawa twaona wana haki. Tukiwasikiliza wale twaona nao wana haki. Basi shauri hili limekuwa kama kesi ya mume na mke: kila mmoja ana ushahidi wake, na huku watoto wanalala njaa.

Sisi hatukusomea uganga. Tulisomea ualimu, na chama ndicho kilichotuzoesha mabenchi ya hospitali, kwa kuwapeleka wanachama na kuwatazama walazwao. Lakini mwalimu na muuguzi wana jambo moja wanalofanana. Wote wawili hukabidhiwa watu wasiowachagua, tena wengi kupita kiasi, na wote wawili hujaribiwa kila siku kuushinda ukali kwa ukali. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto anayefanya fujo darasani atazamwe kwanza: pengine hajala, pengine haoni ubao, pengine nyumbani kwao kuna msiba. Fimbo ya haraka humnyamazisha mtoto huyo, lakini hainyamazishi njaa yake. Twaona kanuni hii yafaa wodini kuliko inavyofaa darasani.

Neno letu la leo ni hili. Ukali wa mgonjwa ni habari anayoileta, na muuguzi mwenye akili huisoma habari hiyo kabla ya kuijibu. Lakini muuguzi hawezi kuisoma ikiwa yeye mwenyewe ameachwa peke yake, mwenye njaa, bila dawa mkononi wala kiongozi wa kumkinga. Kwa hiyo wanaodaiwa adabu katika shauri hili ni watatu: mtumishi, mgonjwa, na sisi wenye nchi.

KIMYA SI ADABU

Wapo wanaosema, "Zamani wagonjwa walikuwa na heshima." Hebu tuitazame hiyo zamani. Kabla ya Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba 1961, matibabu mjini Dar es Salaam yaligawanywa kwa rangi ya ngozi. Hospitali ya Ocean Road, yenye upepo wa bahari, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alikwenda Sewa Haji, hospitali iliyopewa jina la tajiri wa asili ya Kihindi aliyetoa mali yake kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1956 ikaja hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Katika zamani hiyo Mwafrika aliketi chini na kungoja, na akikaripiwa alisema "ndiyo bwana". Huo ulikuwa woga uliovaa nguo ya heshima, na watu wazima hawapaswi kuutamani urudi.

Leo mwananchi anauliza. Anauliza kwa nini hajaonwa, anauliza sindano hii ni ya nini, anauliza fedha yake imekwenda wapi. Pengine anauliza vibaya, kwa sauti ya juu, na kwa maneno yasiyofaa. Lakini kule kuuliza kwenyewe ndiko tulikokupigania, na mtumishi anayekasirishwa na kuulizwa anakasirishwa na Uhuru wake mwenyewe.

Tena tusidanganyike na mgonjwa aliyenyamaza. Katika miaka ya 2011 na 2012 wataalamu waliwauliza akina mama waliojifungua katika vituo vya wilaya za Korogwe na Muheza, Mkoa wa Tanga, kama walitendewa vibaya: kukaripiwa, kupigwa, kuachwa peke yao, au kuwekwa uchi mbele za watu. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, kiasi cha mama 1 katika kila 5 alisema ndiyo. Baadhi yao walipoulizwa tena nyumbani kwao, wiki kadhaa baadaye, waliosema ndiyo walizidi 1 katika kila 4. Wasomaji waitazame tofauti hiyo. Yupo mama aliyetoka mlangoni akitabasamu na kusema ahsante, kisha akafika kwake, akaketi juu ya mkeka wake, ndipo akasema yaliyomkuta. Yule anayefoka dirishani huenda anasema kwa ubaya yale ambayo kumi nyuma yake wameyameza.

MANENO YA UGONJWA

Sasa tumtazame mgonjwa mkali mwenyewe. Wako wa namna nyingi, na kosa kubwa ni kuwatia wote katika kapu moja.

Wa kwanza ni yule anayetukana kwa sababu ugonjwa ndio unaosema. Mtu mwenye kisukari akishukiwa na sukari hutoka jasho, hutetemeka, macho humtoka, husema ovyo na kupigana kama mlevi. Akifukuzwa kwa kudhaniwa amelewa, aweza kufa nje ya lango, na pengine glasi moja ya maji ya sukari, ikiwa bado aweza kumeza, ingalimrudisha akawa muungwana kama alivyokuwa asubuhi. Malaria kali ikipanda kichwani huvuruga akili. Homa ya uti wa mgongo vilevile. Aliyegongwa kichwa aweza kuingia akizungumza vizuri, kisha baada ya saa mbili akaanza kutukana, na tusi lile ndilo dalili ya damu inayovuja ndani. Mtu aliyepungukiwa hewa huvua kinyago na kumsukuma anayemsaidia, maana aona anazama.

Mzee mtaratibu wa mchana aweza kugeuka usiku, akashuka kitandani, akamwita nesi mwizi, na asubuhi asikumbuke neno. Mara nyingi ni homa iliyojificha, au kibofu kilichojaa mkojo na yeye hawezi kusema. Mlevi aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, akikosa pombe siku mbili tatu, huanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani. Hata dawa zetu zina hila zake: kwinini, iliyotibu malaria kali kwa miaka mingi, hupigisha masikio kengele na yaweza kushusha sukari, hata mgonjwa akawa hasikii aambiwalo na watu wakamwita mkaidi.

Kwa hawa wote, hasira ya muuguzi ni kupoteza wakati. Muuguzi aliyefunzwa vizuri, akisikia tusi la ghafula kutoka kwa mtu ambaye jana alikuwa mpole, hajiulizi "ananidharau kwa nini?" Hujiuliza, "kumebadilika nini tangu jana?" Kisha hupima homa, hupima sukari, huhesabu pumzi, humwita daktari.

Na hapa lazima tumtaje mama mwenye uchungu wa kuzaa. Akipiga kelele, akimtukana mumewe, akimshika mkunga nguo, hayo ni maumivu. Kumpiga kofi la paja ati asukume ni aibu isiyo na udhuru. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wakunga wengi wamekilalia kitanda hicho wenyewe, kwa hiyo wangepaswa kuwa wa mwisho kusahau.

HOFU NA HESHIMA

Wa pili ni mkali kwa hofu. Baba ameleta mtoto mwenye degedege. Amekodi pikipiki usiku, amepita mashimo na mto, amefika, na wa kwanza kumwona amwambia, "Subiri hapo, cheti kiko wapi?" Baba yule hupiga ukelele. Ukimsikiliza vizuri, katika ukelele wake hakuna tusi lolote ila jina la mtoto. Mtu wa namna hii hatulizwi kwa kuambiwa "tulia". Hutulizwa kwa kuona mikono ya mtu ikimgusa mtoto wake. Mtumishi amchukue mtoto kwanza, cheti kitafuata.

Wengine huogopa jambo watakaloambiwa. Mtu ambaye siku tatu anangoja majibu ya kipimo, naye moyoni ameshajihukumu kifo, hugombana kwa ajili ya shuka, chai au dirisha. Ugomvi wa shuka si wa shuka. Muuguzi akivuta kigoda akaketi, macho yakawa sawa na macho ya mgonjwa, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, ni jambo gani hasa linalokusumbua?", mara nyingi ugomvi wote huyeyuka yakabaki machozi.

Wa tatu ni mkali kwa sababu amevunjiwa heshima, wala aliyemvunjia hajui. Watumishi wetu wengi ni vijana. Wametoka chuoni na miaka ishirini na kitu, na mbele yao anaketi mzee wa miaka sabini. Kijana asema, "Wewe mzee, sogea huku, vua shati." Katika nchi hii kijana humwambia mzee "shikamoo" kabla ya neno lolote, hata kama nyumba inaungua. Neno hilo halichukui hata nafasi ya pumzi mbili, na huokoa nusu saa ya ugomvi. Mwite mama, mwite bibi, mwite baba, au jina lake lililo kwenye cheti. Usimwite "yule wa kitanda cha saba", wala "kisukari", wala "miguu". Na ikiwa bibi ametoka shamba na lugha yake ni Kisukuma au Kigogo tu, basi kumwambia jambo lile lile kwa Kiswahili mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, hakumfanyi aelewe. Katika wodi hiyo hakosekani mtu wa kwao. Atafutwe.

FOLENI, FEDHA NA DAWA

Wa nne ndio wengi kuliko wote. Hawa ukali wao umetengenezwa na hospitali yenyewe kabla hawajamwona muuguzi.

Mtu amefika saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne aona mwingine aliyefika sasa hivi anaingizwa ndani. Sokoni na kwenye kituo cha basi amezoea kwamba wa kwanza ndiye wa kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba hospitalini aliye karibu na kufa hutangulia, na kwamba siku moja sheria hiyo hiyo itamtanguliza yeye. Asipoambiwa, hufikiri aliyetangulia ametoa kitu. Na asitukaripie tukimlaumu mtumishi hapa: kusimama mbele ya benchi na kusema, "Ndugu zetu, daktari ni mmoja leo, mwenzake yuko katika upasuaji, tutachelewa hata saa nane, na mwenye hali mbaya atatangulia," hakuhitaji bajeti wala kibali cha wizara. Mtu huvumilia saa nyingi akijua sababu, wala havumilii nusu saa akiwa gizani.

Kisha kuna fedha. Tangu mwaka 1993 nchi yetu ilipoanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu, dirisha la malipo limekuwa mahali pa vita. Watoto walio chini ya miaka 5, akina mama wajawazito, na wazee wasiojiweza wamewekewa msamaha. Lakini mzee husikia redioni kwamba hatalipa, akifika aambiwa dawa hakuna, akanunue duka la nje. Machoni pake aliyemdanganya ni yule nesi aliyesimama mbele yake. Nesi hakuandika sera ile, wala hakulimaliza kabati la dawa. Yeye ni uso tu wa mambo yaliyoamuliwa mbali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeahidi kuupunguza mzigo huo, na ni kazi ya kila mwanachama kuona ahadi hiyo inafika mpaka kwenye zahanati ya mwisho kabisa. Maana sheria isiyofika kijijini humwachia nesi kazi ya kupokea matusi kwa niaba ya serikali.

Kwa mgonjwa wa namna hii, jibu baya kuliko yote ni "si kazi yangu". Jibu jema lina sehemu tatu: ukweli, pole, na njia. "Dawa hii imekwisha tangu juzi. Pole sana, mama, najua umetoka mbali. Twende kwa daktari tuulize kama iko nyingine iliyopo itakayofaa." Mama huyo aweza kuondoka bila dawa aliyoitaka, lakini haondoki akiwa amedharauliwa.

BWANA MKUBWA

Wa tano hana homa, hana hofu, wala hakukawizwa. Ana dharau tu. Huyu huingia na viatu vyake mpaka chumba cha kufungia vidonda, humwita muuguzi mtu mzima kama anavyoita mtumishi wa nyumbani kwake, hutaja majina ya wakubwa anaowajua, humshika binti mkono au kumwambia maneno ya aibu, na akikatazwa huahidi kumhamishia porini.

Wasomaji wa gazeti hili watuwie radhi, lakini ukweli hauogopi kadi. Baadhi ya mabwana wakubwa hawa ni wenzetu. Wapo wanaofikiri kwamba kadi ya chama ni tiketi ya kutangulia kwa daktari. Wapo wenyeviti wanaokwenda wodini kumwona mgonjwa mmoja wakiwa watu kumi na wawili, saa ambayo si ya kutazama wagonjwa, na bawabu akiwazuia wasema, "Hunijui?" Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika fungu lake la 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Waliouandika hawakuweka pale neno "isipokuwa hospitalini". Mwanachama anayemtukana nesi anatukana mtoto wa mkulima aliyesomeshwa kwa kodi ya wakulima, na anafanya hivyo mbele ya benchi zima la watu ambao kesho ataomba kura zao.

Mgonjwa wa dharau naye atibiwe. Hilo halina mjadala. Kumcheleweshea dawa ili ajifunze adabu, kumchoma sindano kwa hasira, au kumwandikia neno baya kwenye faili lake, ni kuufanya ugonjwa kuwa fimbo. Lakini kutibiwa hakumpi ruhusa ya kutukana. Aambiwe mara moja, kwa sauti tulivu, kwa maneno ya wazi: "Nitakutibu. Lakini usinitukane wala usinishike. Ukiendelea nitamwita mkuu wa zamu." Na akiendelea, aitwe kweli. Onyo lisilotimizwa ni mwaliko wa tusi la pili.

LINALOMPASA MTUMISHI

Wauguzi tuliozungumza nao, wale ambao wodi zao zimetulia, wote hufanya mambo yanayofanana, nasi twayaandika hapa ili na wengine wayatumie.

Kwanza, hushusha sauti pale mgonjwa anapopandisha. Watu wawili hawawezi kugombana kwa muda mrefu ikiwa mmoja ananong'ona. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.

Pili, mtumishi mmoja tu ndiye husema. Wakikusanyika watatu kumzunguka mgonjwa mwenye hasira, kila mmoja na amri yake, hata mtu mpole hujiona amevamiwa.

Tatu, humwacha mgonjwa amalize. Mtu aliyekatizwa huanza upya, na kila anapoanza upya hasira huongezeka. Kisha humrudishia maneno yake: "Wasema umengoja tangu asubuhi na hakuna aliyekueleza neno. Ni kweli." Kukubali kwamba amengoja hakumwondolei mtumishi cheo.

Nne, humpa cha kuchagua, hata kama ni kidogo: sindano mkono huu au ule, kuketi au kulala, sasa au baada ya chai. Mtu aliyelazwa amenyang'anywa karibu kila uamuzi, mpaka saa ya kuoga. Akirudishiwa mmoja, hupoa.

Tano, hawamshiki mtu bila kumwambia, wala hawasimami katikati yake na mlango. Akishika chupa au kisu, hujiondoa, huwaondoa wagonjwa wa karibu, humwita askari. Ushujaa wa kupigana na mgonjwa hauna nishani.

Sita, akiona damu yake imechemka, humwita mwenzake: "Nipokee hapa." Kubadilishana mgonjwa mgumu si kushindwa. Na tukio likiisha huliandika katika kitabu cha ripoti, kama lilivyotokea, bila kuongeza chumvi, ili wa zamu ya usiku asianze gizani.

LINALOTUPASA SISI

Tukiishia hapo tutakuwa tumefanya kama wale waliozoea kumhubiria nesi uvumilivu huku wao wakitoka kwa mlango wa nyuma. Uvumilivu una tumbo, na una miguu. Nesi mmoja mwenye wagonjwa arobaini usiku kucha, ambaye hajaketi wala hajanywa kitu tangu saa kumi na mbili jioni, atapayuka. Mwenye kushangaa na akashike zamu hiyo yeye.

Turudi kule Tanga, kwa sababu habari ile haikuishia kwenye malalamiko. Huko Korogwe wananchi na watumishi waliketi pamoja wakaandika mkataba wa namna mgonjwa atakavyotendewa na namna mtumishi naye atakavyotendewa. Kisha watumishi wenyewe wakachagua mambo ya kutengeneza. Hawakuomba jumba jipya. Waliweka mapazia penye vitanda vya kuzalia. Waliwapokea akina mama katika chumba cha faragha. Walibandika wazi orodha ya vifaa vilivyokwisha, ili mama asidhani amefichwa. Waliwauliza wagonjwa wanapotoka. Mtumishi aliyekosa adabu alishauriwa na wenzake. Na walio zamu waliwekewa chai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: ukilinganisha na wilaya ya jirani, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa kiasi cha theluthi mbili.

Twaomba kila katibu wa tawi aisome orodha hiyo mara mbili. Mapazia, ubao, chai, na kuulizana. Haya ni mambo ambayo tawi laweza kuyasaidia kwa harambee ya Jumapili moja.

Kwa hiyo basi twatoa mashauri manne. La kwanza, kila tawi lililo karibu na hospitali au zahanati lichague wanachama wawili wa kukaa na kamati ya kituo, kusikiliza pande zote mbili, wala si kwenda kuvizia makosa ya manesi. La pili, mwanachama anayemtukana au kumpiga mtumishi wa afya aitwe mbele ya tawi lake aeleze, awe na cheo asiwe nacho. La tatu, mkuu wa hospitali anayeletewa ripoti ya mtumishi aliyepigwa au kushikwa maungo asiulize kwanza, "Ulimfanya nini?" Ampeleke polisi kama shahidi na mlalamikaji. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini; dunia nzima imekwisha kukubali kwamba kipigo hakiwi sehemu ya mshahara wa mtu. La nne, vyuo vya uuguzi viyafundishe mambo haya kwa vitendo, mwanafunzi mmoja awe mgonjwa mkali na mwingine ampoze, kama sisi walimu tulivyojifunza kushika darasa kabla ya kukabidhiwa darasa.

Ndugu wasomaji, hospitali ni mahali pekee ambapo mkulima, waziri, mlevi na shehe huvua shati mbele ya mtu wasiyemjua. Ukitaka kujua kama nchi imejitawala kweli, usitazame bendera iliyo juu ya paa la hospitali. Ingia ndani, sikiliza namna nesi anavyomsemesha bibi asiye na mtu, kisha sikiliza namna bwana mkubwa anavyomsemesha nesi. Ukisikia sauti moja katika mahali pote pawili, sauti ya watu wanaoheshimiana, basi kazi yetu haikuwa bure. Usipoisikia, tawi lako lina kazi, na ianze wiki hii.

Heshima kwa mgonjwa. Heshima kwa mtumishi. Uungwana ni vitendo.